Ekari Tano Kando ya Njia ya Lamboni

Ndugu zangu wafugaji,

Mwezi wa Septemba, simama kwenye mnada wowote wa Shinyanga utazame ng'ombe. Mbavu zinahesabika, nyonga zimechongoka, na mnunuzi anataja bei anayotaka kwa sababu anajua huna malisho ya kumrudishia mnyama wako. Ng'ombe huyohuyo mwezi wa Aprili aling'aa. Uzito alioupata wakati wa mvua, kiangazi kimeuchukua, na mwakani ataanza upya. Tunafuga miaka mingi, tunauza mifupa.

Tumezoea kulaumu mbegu ya ng'ombe. Tuanze kwanza na nyasi. Unyasi huweka akiba yake kwenye mizizi na kwenye shina la chini. Ukiliwa, huchota humo ili uchipue. Ukipumzishwa, huirudisha. Ukiliwa tena kabla haujairudisha, mizizi hufupika, na mvua ikikatika kidogo tu unakauka. Mahali pake huota magugu ambayo ng'ombe hayagusi, kisha hubaki udongo mtupu.

Wazee wa Kisukuma waliyajua haya bila kusomea. Ngitili, yaani malisho ya akiba, ilifungwa mvua zinapoanza, ikafunguliwa kiangazi kikishakaza, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza la kijadi. Akiba haiozi. Tulipoziacha ngitili, ardhi ya Shinyanga ikageuka vumbi. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kazi kubwa ilikuwa kuurudisha ujuzi huohuo wa wenyeji. Mtu alifunga kipande chake, jirani akaona, naye akafunga. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kule Kondoa, mwaka 1979, njia ilikuwa nyingine: ng'ombe waliondolewa kwa amri kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Ardhi ilipona, lakini mfugaji alilazimika kwenda kutafuta malisho kwingine. Mimi nachagua njia ya jirani kumwona jirani.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: kila kijiji cha wafugaji kiwe na shamba darasa la malisho. Ekari tano zinatosha kuanzia. Lisiwe nyuma ya ofisi ya kata, bali kando ya njia ya kwenda lamboni, ambako kila mchungaji hupita. Ligawanywe vipande vitatu. Cha kwanza kilishwe kila siku kama tulivyozoea. Cha pili kilishwe kwa mzunguko: ng'ombe waingie, watoke nyasi zikiwa bado na kimo cha kiganja, wasirudi mpaka zipone. Cha tatu kipandwe nyasi zinazovumilia ukame, kama mkia wa mbweha, zikatwe zinapoanza kutoa maua, zikaushwe na kufungwa marobota kwa sanduku la mbao ambalo fundi yeyote wa kijijini anaweza kulitengeneza.

Kisha tupime. Chukua madume wa umri mmoja, uwagawe kwa vipande hivyo, wale wa cha tatu walishwe marobota yake, na kila mwezi uzungushe utepe wa kupimia uzito kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Andika namba ubaoni, pale njiani, kwa maandishi makubwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Halmashauri za vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa usimamizi wa ardhi. Lipelekeni jambo hili kwenye mkutano mkuu, ekari hizo ziingie kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kabla hazijawa mashamba ya pamba. Maafisa ugani, msiliendeshe shamba hili wenyewe. Tumeona mashamba ya miradi yaliyobaki na kibao tu baada ya gari kuondoka. Mkabidhini mfugaji anayeheshimika pale kijijini, ninyi mfike kumshauri. Vijana mliosomea mifugo, shikeni utepe na daftari. Akina mama, mnaojua ndama yupi anadhoofika kabla baba hajaambiwa, muwe kwenye kamati tangu kikao cha kwanza. Na ninyi wenye mabucha, lipeni bei ya haki kwa ng'ombe aliyenona, ili mwenye kutunza nyasi aone faida ya jasho lake.

Mvua za Novemba haziko mbali. Mkutano ukikaa mwezi huu, uzio wa miiba unaweza kusimama kabla ya tone la kwanza. Septemba ijayo, mchungaji anayeswaga ng'ombe wake kwenda lamboni atasimama hapo, asome ubao, aangalie mbavu za ng'ombe wake na migongo ya wale walio ndani. Jioni ataulizia sanduku la marobota linatengenezwaje. Siku hiyo shamba darasa litakuwa limefundisha.