Majumba ya maduka Nairobi: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa zaidi ya miaka arobaini sasa jiji la Nairobi limekuwa likimpokea mgeni wa aina yake: jumba la maduka, lenye walinzi langoni, ngazi za umeme ndani na uwanja mpana wa kuegesha magari. Mgeni huyo amekaribishwa kwa shangwe na mabenki, wanasiasa na wenye viwanja. Swali ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha ni iwapo mwenyeji, yaani mkaazi wa mtaa, amepona.

Historia yenyewe si ndefu. Sarit Centre ilifungua milango yake mtaani Westlands mwaka 1983. Village Market ikafuata Gigiri mwaka 1995, na Westgate mwaka 2007. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, majumba mengine yalichipuka kandoni mwake, na mwezi Februari mwaka 2017 Two Rivers ikafunguliwa karibu na Ruaka, mpakani mwa Nairobi na Kiambu. Kati ya sensa ya mwaka 1999 na ile ya mwaka 2019, wakaazi wa Nairobi waliongezeka kutoka takriban milioni 2.1 hadi milioni 4.4. Mji unaokua kwa kasi hiyo hauwezi kukosa kuhitaji maduka.

Wala si haki kuyalaumu majumba hayo kwa kila jambo. Yamewapa vijana ajira, na yamemwezesha mkaazi kupata benki, dawa na unga mahali pamoja bila ya kwenda katikati ya jiji. Katika mji wenye bustani chache za umma, familia nyingi hupatumia kama mahali pa kutembea Jumapili. Hata shambulio la kigaidi la Septemba 21 mwaka 2013 dhidi ya Westgate, ambalo liliwaua watu 67, halikuwavunja moyo wateja. Jumba hilo lilifunguliwa tena mwaka 2015.

Tatizo haliko ndani ya jumba. Liko nje ya lango lake, na huanza siku ile bei ya ardhi inapopanda.

Chukua mfano wa Kileleshwa na Kilimani. Mitaa hiyo ilipangwa enzi za ukoloni kwa nyumba moja ndani ya kiwanja kipana, na kwingi majitaka yaliishia katika shimo lililochimbwa uani. Leo viwanja hivyo hivyo vimebeba majumba ya ghorofa yenye makumi ya fleti. Kila fleti ina jiko, choo na pengine gari moja au mawili. Barabara ni ile ile ya zamani. Mji wenyewe unategemea kwa sehemu kubwa maji ya bwawa la Ndakaini, Murang'a, na tangu mwaka 2017 wakaazi wamezoea mgawo. Pengo linazibwa na malori ya maji na visima virefu.

Nina dada aliyeishi Kilimani kwa zaidi ya miaka ishirini. Zamani nilipompigia simu kutoka huku ughaibuni, nilisikia ndege wakilia nyuma ya sauti yake. Siku hizi nasikia jenereta. Mwenye nyumba alipouza kiwanja, alimpa miezi mitatu ya kuhama. Hakuvunja sheria yoyote. Dada yangu sasa anaishi mbali na kanisa lake, daktari wake na majirani waliomzika mumewe. Hasara ya namna hiyo haimo katika hesabu za mjenzi wala katika ripoti za kaunti.

Upande wa Ruaka, mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi. Mashamba yaliyolisha familia kwa vizazi yamegeuzwa safu za fleti. Aliyekuwa na shamba akajenga, amefaidika. Aliyeliuza mapema kwa bei ya wakati ule, sasa ni mpangaji mahali alipozaliwa.

Halafu kuna duka dogo la mtaa, lile lenye daftari la madeni chini ya meza. Mwenye duka humkopesha jirani sukari tarehe ishirini, akalipwa mwisho wa mwezi. Jumba la maduka halikopeshi kwa kumjua mtu. Ni kweli kuwa mama mboga wengi wamenusurika, hata kufaidika, kwa kuwauzia chakula wafanyakazi wa majumba hayo. Lakini hufanya hivyo kandoni mwa barabara, huku wakiwachungulia askari wa kaunti. Na wakubwa nao huanguka: Nakumatt, iliyowahi kutawala biashara hiyo, ilizama katika madeni, na mwaka 2020 wadai wake waliamua ifilisiwe. Mtaa uliokwisha kupoteza maduka yake madogo ulijikuta umepoteza na lile kubwa.

Hata hivyo, mizani ya haki inaonekana wazi zaidi kando ya mito. Mwezi Agosti mwaka 2018 serikali ilibomoa jengo la Ukay, Westlands, na South End Mall kando ya barabara ya Lang'ata, kwa hoja kwamba yalijengwa katika hifadhi ya mto. Wengi walishangilia wakisema hatimaye sheria imewafikia mabwanyenye. Lakini majengo hayo hayakuota usiku mmoja kama uyoga. Yalisimama kwa miaka, yakilipiwa leseni, mbele ya macho ya maafisa waliopaswa kuyazuia.

Katika miezi ya Oktoba na Novemba mwaka 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila ya makao. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, ikawa zamu ya Mathare na mitaa mingine ya mabanda kandoni mwa mito, ambako kila familia iliyoondolewa iliahidiwa shilingi 10,000. Mwenye jumba la maduka ana wakili, na ana pesa za kujenga mahali pengine. Mwenye banda ana shilingi 10,000, tena za ahadi. Mto hauulizi hati ya kumiliki ardhi. Ukizibwa Westlands au Lang'ata, maji yake hutafuta njia kuelekea chini, na huko chini ndiko wanakoishi maskini.

Katiba ya mwaka 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Lakini mara nyingi mkaazi hupata habari za jengo jipya pale anapoona uzio wa mabati. Baadhi, kama wakaazi wa Rhapta Road huko Westlands, wamekwenda mahakamani. Ni njia halali, ila ni ya mwenye uwezo.

Yanayohitajika si miujiza. Mosi, bomba na barabara zitangulie kibali, wala zisikifuate. Pili, kamba ya kupimia hifadhi ya mto iwe moja kwa jumba na kwa banda. Tatu, jengo likibomolewa kwa kuwa kibali chake kilikuwa haramu, aliyekitia saini naye afikishwe mahakamani.

La nne linatuhusu sisi tulio London, Muscat, Dubai na Minneapolis. Mwaka 2023 pekee, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4, na sehemu ya fedha hizo hununua fleti hizo hizo tunazozilalamikia tukienda likizo. Kabla ya kutuma malipo ya kwanza, tusiulize tu bei na idadi ya vyumba. Tuulize maji yatatoka wapi, majitaka yataishia wapi, na nani alikuwa akiishi pale kabla yetu. Asiyeweza kujibu maswali hayo hastahili fedha zetu, hata picha zake ziwe za kuvutia namna gani.