Mgombea wa Kamina, sahihi ya Kinshasa

Mu uchaguzi wa 20/12/2023, wagombea zaidi ya 20.000 walitaka viti 500 vya bunge la taifa. Mu mitaa ya Kamina walizungumza mingi juu ya nani ataenda na nani atabaki. Swali lingine lilizungumzwa kidogo sana: nani aliamua kwamba hawa njo watakuwa kwenye listi, mbele mpiga kura hajasikia hata jina lao?

Sheria ya uchaguzi ya 2006, ambayo ilibadilishwa tena mu 2022, inaomba chama kilete listi kwenye ofisi ya CENI inayopokea wagombea, ile inaitwa BRTC. Pale wanaangalia kama karatasi ziko kamili, kama dhamana imelipwa, kama sahihi ni ya mtu ambaye chama kimempa mamlaka. Hawaombi ushahidi kwamba wanamemba wa Kamina, Bukama ao Kabongo walikutana na kupiga kura. Sheria ya vyama ya 2004 yenyewe inataka vyama vifuate kanuni za demokrasia, lakini namna ya kuchagua mgombea inaachiwa statuti za kila chama. Na statuti, wanamemba wengi hawajawahi kuzishika mu mkono.

Watu wanaposikia kongre ya chama, wanafikiri pale njo mambo yote yanaamuliwa. Kongre inashughulika sana na kichwa. Tarehe 31/3/2018, UDPS ilifanya kongre mu Kinshasa, ikamchagua Félix Tshisekedi kuwa mwenyekiti wa chama na mgombea wa urais. Miezi saba nyuma yake, mu Novemba, wakubwa saba wa upinzani walikaa Geneva wakamteua Martin Fayulu. Kesho yake Tshisekedi na Vital Kamerhe walitoa sahihi zao, wakisema wanamemba wao wamekataa. Kwa cheo cha rais, basi, wanamemba walipiga kelele na kelele ikasikika. Kwa depite wa jimbo, kelele ya Kamina inafika Kinshasa ikiwa imechoka.

Kuna sababu ya hesabu. Listi ya bunge la taifa inapaswa kufikisha 1% ya kura za inchi nzima, la sivyo haigawiwi kiti, hata kama mgombea wake alipendwa sana kwao. Vyama vidogo vinaogopa kizingiti hiki, vinaingia mu muungano. Muungano uko na mkubwa wake, yule wanaita "autorité morale", na mkataba kati ya vyama unasema nani anapata nafasi wapi. Mukubwa wa chama mu Haut-Lomami anaweza kutuma majina matano, listi ikarudi na mawili, na matatu ya watu ambao hakuwatuma.

Tena, mahali penye viti zaidi ya kimoja, kura ya mtu inahesabiwa kwanza kwa listi. Ukimchagua mwalimu wa mtaa wako, kura yako inaongeza nguvu ya listi nzima, na kiti kinaweza kukaliwa na mwenzake aliyempita. Wagombea wengine wanawekwa pale kwa kujaza tu. Na kila mgombea anakuja na wasaidizi wawili wa kumrithi. Depite akiitwa kuwa waziri, msaidizi anakaa bungeni, na mara nyingi ni ndugu ao mtoto wake. Jina hilo wapiga kura wengi hawalisomi.

Majirani wanapigisha wanamemba kura, na huko nako si raha tupu. Kenya, mchujo wa chama cha Jubilee wa 21/4/2017 ulisimamishwa na kurudiwa, kwani karatasi hazikutosha na fujo ilizuka. Tanzania, mu 2020, waliosimama mbele mu kura za maoni za CCM hawakuwa wote waliorudishwa na vikao vya taifa. Lakini pale matokeo ya wanamemba yanajulikana. Aliyeachwa anaweza kuonyesha namba yake, na chama kinalazimika kujibu, hata kama kinajibu vibaya.

Mu Kamina namba kama hiyo haipo. Mwanamemba anayetaka kujua anaweza kuomba vitu viwili kwa sekretere wa chama chake: statuti, na ripoti ya mkutano ambao ulitoa majina, pamoja na sahihi za waliokuwepo. Hivyo vinaombwa mapema. Kisha CENI kutangaza listi, kesi za wagombea wa bunge la taifa zinaenda mbele ya Mahakama ya Katiba, na siku za kulalamika ni chache.

Mu 2023 vilevile, washauri wa komini walichaguliwa, lakini tu mu miji mikubwa ya majimbo, Kamina ndani. Mshauri wa komini anashughulika na soko, mifereji na uchafu wa barabara. Listi zao nazo zilihitaji sahihi ileile ya chama.