Kichurachura si Somo la Michezo

Ndugu wazazi, wengi wetu tulipoamriwa shuleni kuruka kichura hatukuwa tunafundishwa michezo. Tulikuwa tunaadhibiwa kwa kuchelewa namba au kwa kupiga kelele darasani. Adhabu hiyo ingali hai katika shule nyingi, pamoja na kuzungushwa uwanja mara kumi. Sisi wauguzi tunaona kwamba matunda yake huja baadaye sana. Mtu mzima mwenye shinikizo la damu au kisukari huambiwa atembee kwa miguu nusu saa kila siku, naye hututazama kana kwamba tumemhukumu. Tangu darasa la pili alijua kwamba jasho ni la mkosaji.

Kuna kosa la pili ambalo halionekani upesi. Simameni siku moja kando ya uwanja wakati wa kipindi cha michezo. Darasa lina watoto 80, mpira ni mmoja. Zinachaguliwa timu mbili za watu 11, wenye mbio na nguvu. Wanacheza watoto 22, na 58 wanashangilia au wanachora mchangani kwa kidole. Dakika 40 zikiisha, waliofanya mazoezi ni wale wale ambao hata nyumbani hawatulii. Mtoto mnene, mwenye pumu, msichana aliye katika siku zake, na yule aliyekuwa akichaguliwa wa mwisho kila mara mpaka akaacha kunyoosha mkono, wote wako chini ya mwembe. Kwa macho yetu hao ndio wenye haja na kipindi kile kuliko wengine. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Halikusema kila mchezaji hodari.

Watoto 80 ni mzigo kwa mwalimu mmoja, tunajua. Lakini mpira wa makaratasi na kamba hauhitaji fedha. Uwanja ukigawanywa sehemu nane, watoto kumi kumi, huku rede, huku kuruka kamba, huku mbio za vijiti, huku chandimu cha watano kwa watano, nao wakabadilishana kila baada ya dakika kumi, hakuna anayebaki kutazama. Maelezo yawe mafupi: mwalimu aonyeshe mara moja, kisha watoto wafanye. Wala asimpime mtoto kwa mwenzake. Aliyeruka kamba mara 8 wiki iliyopita na leo akafika 12 asifiwe kwa hizo nne alizoongeza. Huyo kesho atakuja uwanjani bila kufukuzwa na fimbo.

Ninyi wazazi nanyi mna sehemu yenu. Mtoto mwenye pumu asikatazwe kabisa kucheza. Aanze taratibu, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Mwenye selimundu anahitaji uangalifu zaidi. Acheze michezo myepesi, anywe maji mara kwa mara, apumzike anapochoka bila kuitwa mvivu, wala asikimbizwe kwenye mvua au baridi, kwani maumivu makali yanaweza kumshika. Mwalimu atajuaje hayo ikiwa mmemficha? Mwandikieni barua, au afadhali mwende wenyewe. Kwa wasichana, mara nyingi linalowakalisha chini ni hofu ya kuchafuka kuliko maumivu. Pedi au kitambaa safi, na bukta nzito chini ya sketi, humrudisha wengi uwanjani.

Limebaki darasa la saba. Huko kipindi cha michezo hugeuzwa kuwa cha hesabu, na tunaopiga makofi ni sisi wazazi. Mtoto anayekaa juu ya dawati tangu asubuhi hadi jioni hachoki kichwa tu, na usingizi unaomshika saa nane mchana si uzembe.

Katika kikao kijacho cha wazazi ulizeni ratiba ina vipindi vingapi vya michezo kwa wiki, na ni adhabu zipi zinazotolewa uwanjani. Mkiambiwa vipindi vipo, jioni waulizeni watoto wenu walicheza nini.