Kuvuka mpaka kwa saa moja si kibali cha kuishi ugenini

MAONI – Asubuhi, ukisimama karibu na mto Lubiriha, kati ya Kasindi upande wetu na Mpondwe upande wa Uganda, utaona watu wa kila aina wakivuka. Kuna mama mwenye beseni la samaki, dereva wa lori anayengojea karatasi za forodha, na mgonjwa anayesindikizwa na ndugu zake. Lakini angalia vizuri. Kuna abiria ambaye hana mzigo wowote. Ameshuka kwenye basi, anagongewa muhuri wa kutoka Uganda, anavuka, anagongewa muhuri wa kuingia Congo, anakunywa chai, kisha anarudi alikotoka kabla jua halijawa kali. Hakuja kusalimia mtu. Amekuja kutafuta siku mpya kwenye pasipoti yake.

Desturi hii inajulikana kwenye mipaka yetu yote ya mashariki. Mtu anaingia nchi jirani kama mgeni, siku zake zikikaribia kuisha anatoka kidogo, anarudi, na hesabu inaanza tena. Wengine wameishi hivyo miaka. Wanapanga nyumba, wanasomesha watoto, wanauza vitenge, na kwenye karatasi wanabaki watalii.

Siwalaumu. Wengi wao walikimbia risasi za Beni, Ituri au Rutshuru, na hakuna mtu anayekimbia akiwa na mkataba wa kazi mfukoni. Lakini ni lazima tuambiane ukweli: muhuri wa mgeni si makao. Anayejenga maisha yake juu ya muhuri huo amejenga juu ya mchanga.

Nitatoa mfano wa jirani yangu mmoja. Alikuwa na duka dogo la nguo katika mji mkuu wa nchi jirani, na kwa karibu miaka mitatu alikuwa akivuka na kurudi bila shida. Siku moja afisa wa mpakani alifungua pasipoti yake, akahesabu mihuri, akamwuliza: « Wewe ni mtalii gani asiyemaliza matembezi? » Akampa siku 7 tu. Ndani ya siku hizo jirani yangu aliuza nguo kwa bei ya hasara na kuwatoa watoto shuleni katikati ya muhula. Mwenye nyumba alikataa kumrudishia kodi aliyolipa mapema. Na hakuwa na mahali pa kushitaki, kwa sababu kwa sheria hakuwa mpangaji wala mfanyabiashara. Alikuwa mgeni ambaye muda wake umeisha.

Afisa yule hakuvunja sheria. Hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya. Tunafikiri kwamba kila anayevuka ana haki ya kupewa siku zote upya. Kumbe kila kuingia ni ombi jipya, na afisa anaweza kukubali, kupunguza siku au kukataa. Mara kumi za kukubaliwa hazikupi haki ya mara ya kumi na moja. Kinyume chake, kila muhuri unaoongezeka ni ushahidi kwamba wewe si mtalii.

Nchi nyingi duniani zimekwisha kuuona mchezo huu. Thailand, ambako wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wakiishi kwa kuvuka na kurudi, iliamua mwisho wa mwaka 2016 kwamba anayeingia bila viza kwa njia ya barabara ataruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka. Ulaya nayo ina hesabu yake. Kwenye eneo la Schengen, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na kutoka nje kwa siku moja hakufuti siku ulizokwisha kutumia. Hata muhuri wenyewe unaondoka: tangu tarehe 12 mwezi wa kumi 2025, Ulaya ilianza kuandika kuingia na kutoka kwa wageni hao kwenye kompyuta, pamoja na picha ya uso na alama za vidole.

Nawaomba ndugu wanaokwenda kutembelea jamaa Brussels au Paris wasikilize hapa. Kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, ukivuka kwenda London kusalimia binamu, viza hiyo imekwisha hata kama siku zake zilikuwa zimebaki. Kurudi Brussels kutahitaji viza nyingine. Safari uliyofikiri itakuongezea siku ndiyo itakayokufungia mlango.

Kuna hatari nyingine ambayo sisi wa mashariki tunaifahamu kuliko wengi. Mpaka unaweza kufungwa. Mwezi wa tatu 2020, kwa sababu ya Korona, Uganda, Rwanda na Congo zilifungia abiria mipaka yao kwa siku chache zilizofuatana. Mtu ambaye maisha yake yalitegemea kuvuka kila baada ya miezi fulani alikwama. Na vita vimetufundisha kwamba bariera iliyo wazi leo inaweza kuwa chini ya bunduki kesho.

Najua jibu la wengi: « Kibali cha kuishi ni ghali. Wanaomba barua za kazi, hati za polisi na karatasi tusizokuwa nazo. Tikiti ya basi ni nafuu. » Ni kweli, na hapo lawama haiwezi kumwangukia msafiri peke yake.

Nchi yetu iliingia kamili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 mwezi wa saba 2022. Jumuiya hiyo ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Kanuni zake zinamtambua raia wa nchi mwanachama anayetembea, anayesoma na anayefanya kazi, kila mmoja kwa karatasi yake. Mgeni anaweza kupewa hadi miezi 6. Mwanafunzi ana kibali chake. Mwenye mkataba wa kazi unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi. Yaani njia ipo kwenye maandishi. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza mama wa vitenge kwamba njia hiyo ipo, na serikali ya kuhakikisha kwamba akifika dirishani hafukuzwi.

Basi kazi hiyo ni ya Kinshasa. Balozi zetu za Kampala, Nairobi, Bujumbura na Dar es Salaam zitangaze wazi, kwa Kiswahili, ni karatasi gani Mkongomani anahitaji ili aishi huko kihalali, kwa bei gani na kwa muda gani. Wabunge wetu waliotumwa Arusha waulize kanuni hizo zinatumikaje kwa Wakongomani. Na anayekimbia vita aambiwe kwamba ana haki ya kuomba ukimbizi. Asijifiche nyuma ya muhuri wa mtalii kwa kuogopa jina la mkimbizi.

Wewe nawe unayesoma haya ukiwa ugenini, kabla ya kununua tikiti ya kwenda mpakani na kurudi, fungua pasipoti yako uhesabu mihuri. Kama inasimulia maisha ya mtu anayeishi huko, nenda kwenye ofisi ya uhamiaji uulize kibali wakati siku zako bado zipo. Anayeuliza mapema husikilizwa kama muombaji. Anayekamatwa baada ya siku kuisha husikilizwa kama mkosaji, na kwa kawaida hapewi muda wa kufunga duka lake.