Kijana, Chagua Wodi Usichague Jina

Kila mwaka, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inapotangaza matokeo ya udahili, wapo vijana wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia wanaojikuta wamepata nafasi katika vyuo viwili vya udaktari kwa mpigo. Kwa wenzao waliokosa hata kimoja, hiyo ni neema iliyopitiliza. Kwa wao wenyewe mara nyingi huwa fadhaa, maana Tume inawataka wathibitishe chuo kimoja tu, kwa namba ya siri waliyotumiwa, na muda uliowekwa ni mfupi. Hapo ndipo ushauri humiminika kutoka kila upande. Mjomba anataja chuo cha Dar es Salaam kwa kuwa ndicho alichokisikia tangu utotoni, shangazi anataka kilicho karibu ili mtoto asipotelee mbali, rafiki anauliza hosteli zikoje. Maneno hayo si ya kupuuzwa, ila hayafai kuwa ya kwanza. Chuo cha udaktari kinapaswa kuchaguliwa kwa wodi zake, yaani kwa nafasi atakayopata mwanafunzi ya kumfikia mgonjwa huku mwalimu akimsimamia. Ada ifuate baada ya hapo, na jina lije mwisho kabisa.

Mtu atauliza kwa nini wodi ipewe uzito huo wakati vyuo vyote vina madarasa, maabara na vitabu. Jibu limo katika mpangilio wa masomo yenyewe. Shahada ya udaktari hapa nchini huchukua miaka mitano. Miaka ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia na biokemia, na masomo hayo hayabadiliki sana kutoka chuo hadi chuo: figo ya Mwanza ndiyo figo ya Moshi, na kitabu kinachoieleza ni kilekile. Tofauti huanza kuonekana mwanafunzi anapoingia wodini, kwenye tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Huko hajifunzi kwa kukariri. Anajifunza kuuliza historia ya ugonjwa kwa mtu mwenye maumivu, kupapasa tumbo bila kumwumiza, kusikiliza kifua na kutambua kilichobadilika tangu jana. Fundi hapati mkono kwa kutazama randa ya mwenzake ikipita juu ya mbao, na daktari hali kadhalika.

Ukweli huu umeshathibitishwa na historia. William Osler, tabibu mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1893, alipata heshima kubwa kwa kuwatoa wanafunzi kwenye viti vya ukumbi na kuwasimamisha kando ya kitanda. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa taarifa yake mashuhuri baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Miongoni mwa mambo aliyoyachunguza ni kama chuo kina hospitali ambamo wanafunzi wake wanafundishwa kweli, na vingi alivikuta vinatoa mihadhara mitupu. Ni haki kuongeza kwamba kipimo hicho kilikuwa na majeraha yake, kwani vyuo vitano kati ya saba vilivyokuwa vikiwasomesha Wamarekani weusi vilifungwa katika mageuzi yaliyofuata. Lakini swali lenyewe limebaki halali hadi leo, na kila kijana mwenye nafasi mbili mkononi anaweza kuliuliza: je, huko niendako nitamfikia mgonjwa?

Kumfikia mgonjwa si sawa na kusoma ndani ya hospitali kubwa. Hospitali ya taifa au ya kanda huwa na wagonjwa wengi, vifaa vingi na mabingwa wengi. Wakati huohuo huwa na watu wengi wanaojifunza: madaktari wanaosomea ubingwa, madaktari tarajali, wauguzi wanafunzi, na wanafunzi wa udaktari wa miaka mbalimbali. Kwenye raundi ya asubuhi bingwa husimama kichwani mwa kitanda, wanaosomea ubingwa humzunguka, watarajali hufuata, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu akajikuta nyuma ya mabega ya watu wanane akiandika asichokisikia. Katika hospitali ndogo yenye wanafunzi wachache huenda huyohuyo akaambiwa asogee, ampime mgonjwa, aseme alichokiona, kisha asahihishwe papo hapo. Basi idadi ya vitanda peke yake haitoshi kuwa kipimo. Uwiano ndio unaohesabika: wanafunzi wangapi kwa kitanda kimoja, na walimu wangapi wenye muda wa kufundisha.

Kuna jambo la pili linalofichwa na ukubwa wa hospitali. Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walichapisha uchambuzi ambao walimu wa udaktari wanaurejea mpaka sasa. Walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja watu 750 hivi huona dalili ya ugonjwa, 250 humwona daktari, tisa hulazwa, na mmoja tu hufika katika hospitali ya chuo kikuu. Takwimu hizo zilitoka Marekani na Uingereza, lakini mfumo wetu wa rufaa, unaoanzia zahanati na kituo cha afya, ukapanda kwenda hospitali ya wilaya, mkoa, kanda na taifa, umejengwa uchuje kwa namna hiyohiyo. Anayesoma kileleni tu huwaona wagonjwa waliokwisha kuchujwa mara nne au tano. Ataona saratani adimu na moyo wenye kasoro ya kuzaliwa, naye atakapopangiwa hospitali ya wilaya atapokea homa, kuhara, shinikizo la damu na uchungu wa uzazi usiku wa manane bila bingwa wa kumpigia simu. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kiliuingiza katika mtaala wake mpango wa kuwapeleka wanafunzi wakajifunze katika jamii na vituo vya afya, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, likapendekeza vyuo vya afya vijengwe pia nje ya miji mikuu. Chuo kinachowatoa wanafunzi wake kwenda wilayani kinawaonyesha nchi watakayoitibu.

Sasa tuzijibu hoja za upande wa pili, maana zipo na zina wenyewe. Ya kwanza ni ya jina. Chema chajiuza, watasema, na chuo kinachosifiwa na wengi hakikosi sababu. Ni kweli. Muhimbili, kwa mfano, haikuokota heshima yake njiani. Mafunzo ya udaktari pale yalianza mwaka 1963, nchi ikiwa changa, na vizazi vya madaktari wetu vimepita mikononi mwake. Lakini jina ni malipo ya kazi iliyofanywa na waliotangulia, na halimwongezei mwanafunzi mpya saa hata moja kando ya kitanda. Tena milango inayodhaniwa kufunguliwa na jina, mingi ina funguo nyingine. Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili aliyehitimu chuo kinachotambulika na kumaliza utarajali, awe ametoka Dodoma, Bugando, KCMC au Dar es Salaam. Anayeutaka ubingwa bado anaweza kwenda kuutafuta katika chuo kile alichokiacha leo, akiwa daktari tayari. Mwenye hoja nzito zaidi ni yule anayetaka kuwa mtafiti, kwa kuwa chuo kikongwe huwa na maabara, maktaba na ushirikiano na vyuo vya nje. Huyo akichagua kwa sababu hiyo amechagua vema, maana amechagua kitu kinachoshikika.

Hoja ya pili husema kwamba mwenye bidii husoma popote, hivyo kuchagua ni kujisumbua bure. Hoja hii inapendeza masikioni, nayo inamfaa aliyepata chuo kimoja na hana budi kwenda. Kwa mwenye viwili haimsaidii kitu. Bidii humwamsha mtu saa kumi alfajiri akafungue kitabu, lakini haimletei mwalimu wa kumwambia kwamba mlio alioudhania ni wa moyo ulikuwa wa mapafu. Makosa ya daktari mwanafunzi husahihishwa na mtu aliye karibu yake, la sivyo huota mizizi na kuhamia kwa wagonjwa.

Hoja ya tatu ni ya fedha, nayo haistahili kujibiwa kwa wepesi. Ada ya udaktari katika chuo binafsi huweza kuwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma, na wazazi wengi hupiga hesabu ya mwaka wa kwanza wakaisahau minne inayofuata. Ipigwe yote mitano: ada, chakula, malazi, vifaa, nauli za kwenda mazoezini. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu uhesabiwe kuwa deni, kwa sababu sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka mwajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka alimalize. Wodi nzuri haina faida kwa mwanafunzi aliyeondoka mwaka wa tatu kwa kukosa ada. Ikiwa chuo chenye wodi bora kinaizidi familia nguvu kiasi hicho, aende kile anachoweza kukimaliza, na asione haya. Lakini tofauti ya ada ikiwa ndogo, na chuo cha bei nafuu kikawa na wanafunzi waliojazana kuliko vitanda vyake, unafuu huo utalipwa baadaye na wagonjwa wake.

Haya yote hayajulikani kwa kusoma tangazo la chuo, maana kila tangazo hujisifu. Yanajulikana kwa kuuliza, na wa kuulizwa ni wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano. Waulizwe raundi hukusanya watu wangapi kitandani. Waulizwe bingwa asipokuwapo nani huwafundisha. Kila mmoja wao amezalisha akina mama wangapi kwa mkono wake, na amesimamiwa na nani? Hutumwa wilayani kwa majuma mangapi? Udahili umeongezeka kila mwaka, je, walimu nao wameongezeka? Majibu yao yakikubaliana, mwenye kuchagua amepata mwanga kuliko ushauri wa ukoo mzima. Wazazi nao, kwa heshima zote, wasikilizwe kwa lile wanalolijua kuliko mtoto, yaani uwezo wa mfuko na tabia ya kijana wao. Sifa watakayoipata mtaani kwa jina la chuo haimhusu mgonjwa atakayelazwa mbele ya mtoto wao miaka sita ijayo.

Mwisho, kijana, uamuzi huu una mtu wa tatu ambaye hatajwi. Nafasi mbili zilizo mkononi mwako, moja si yako. Ni ya mwenzako mwenye alama zinazomtosha, anayesubiri awamu inayofuata huku akiambiwa viti vimejaa. Ukichelewa kwa kusitasita unaweza kuikosa yako, nawe umemkawiza yeye na ya kwake. Basi uliza maswali hayo leo, kaa na wazazi wako mpige hesabu ya miaka mitano, kisha thibitisha chuo kimoja kabla dirisha halijafungwa. Ukishathibitisha, acha kulinganisha. Kazi iliyobaki ni kuwahi raundi, kusogea mbele, na kuomba kufundishwa hata pale unapoona aibu kuuliza, kwa kuwa hata wodi bora kuliko zote haimfundishi anayejificha nyuma.