Majina Mawili ya Villa-Lobos

Malenga wenzangu, mabishano yetu kuhusu vina na mizani ni kama maji ya pwani: yanakupwa, yanajaa, na bahari ni ile ile. Wa upande mmoja husema utungo usio na arudhi si shairi. Wa upande wa pili husema arudhi ni pingu. Nami kwa miaka mingi nilisimama na wa kwanza, nikisahihisha tungo za vijana kwa kalamu nyekundu. Aliyenifanya nijiulize upya si mshairi, bali mtunzi wa muziki wa Brazili, Heitor Villa-Lobos.

Alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1887. Baba yake, Raul, ndiye aliyemfundisha selo, ile fidla kubwa ambayo wapenzi wa taarabu wanaifahamu. Baba alifariki mwaka 1899. Kijana akashika gitaa, akafuatana na wapigaji wa choro, muziki wa mitaa ya Rio ambao jina lake lina maana ya kilio. Hivyo akapata shule mbili, ya nyumbani na ya mtaani, wala hakuikana hata moja.

Kati ya mwaka 1930 na 1945 alitunga kazi tisa alizoziita Bachianas Brasileiras, kwa heshima ya Bach wa Ujerumani. Sehemu nyingi za kazi hizo zina majina mawili: la kwanza ni la umbo la Ulaya, la pili ni la Brazili. Katika kazi ya kwanza, iliyoandikiwa kundi la selo, utangulizi unaitwa pia embolada, na fuga inaitwa pia mazungumzo. Fuga ni utungo ambamo sauti moja hutoa wazo, ya pili hulipokea, ya tatu huingia, nazo zote hufuata kanuni kali. Yeye alisikia humo wapigaji wa choro wakijibizana kwa ala zao.

Hapa ndipo sisi washairi tunapoguswa. Embolada ni ushairi wa kuimbwa wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, wenye maneno yanayokimbizana hadi ulimi ukaribie kuteleza. Martelo, jina la pili la sehemu inayofunga Bachianas namba 5, ni bahari ya malenga wa huko wanaotunga papo kwa papo, na mshororo wake una mizani kumi. Maneno ya sehemu hiyo yalitungwa na mshairi Manuel Bandeira. Basi Villa-Lobos hakutoka kwenye kanuni akaenda kwenye uhuru. Aliikutanisha arudhi na arudhi.

Nionavyo, hapo ndipo pande zetu zote mbili zinapokosea. Wa kwanza hudhani kanuni ni ile iliyokwisha kuandikwa vitabuni; wa pili hudhani sauti ya mtaani haina kanuni yoyote.

Simpambi mtu huyu. Masimulizi ya safari zake za msituni aliyatia chumvi, na katika miaka ya 1930 aliongoza kwaya za maelfu ya wanafunzi viwanjani, chini ya utawala wa Getúlio Vargas ulionufaika na shangwe hizo. Jina la kienyeji laweza kuwa vazi la sherehe tu. Kipimo ni kulivua jina na kusikiliza. Katika aria ya namba 5, mwimbaji huanza bila maneno, kisha huja maneno, kisha huvumisha sauti kinywa kikiwa kimefumbwa. Chini yake selo zinadonolewa kama gitaa la mtaani. Hata ukilifuta jina, Rio inasikika.

Siku hizi kijana akiniletea utungo, namuuliza: "Hii ni tarbia. Jina lake la pili ni lipi?" Mmoja alinijibu, "Ni mwito wa kondakta wa basi, mwalimu." Nikamwomba alighani, kisha tukahesabu pamoja. Mshororo mmoja tu ulipungua mizani, nao ndio ule alioandika huku ameusahau mwito. Aliusahihisha mwenyewe, kwa sikio.