Nishati ya nyuklia: pesa ipo, vipimo je?

Mwaka 2024 kampuni ya Pacific Fusion ya Marekani ilitangaza kupata ahadi ya zaidi ya dola milioni 900. Ila hawapewi zote kwa mkupuo. Wakithibitisha hatua moja, fungu lingine linatoka.

Wanataka kupata nishati kama jua linavyofanya, yaani kuunganisha viini vya haidrojeni. Njia yao ni kulimbikiza umeme mwingi, kisha kuuachia wote kwa mpigo mmoja ili ubane kikopo kidogo chenye fueli.

Mashine ya Z katika maabara ya Sandia, New Mexico, hupiga hivyo kwa zaidi ya ampea milioni 20. Tukio linaisha kabla hata ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Sasa utajuaje kilichotokea ndani? Ni eksirei zinazopiga picha kikopo kikibanwa, na vifaa vinavyohesabu nyutroni.

Kipimo kikisomwa vibaya, aibu. Mwaka 1958 Waingereza walitangaza kuwa mashine yao, ZETA, imefanikiwa. Miezi michache baadaye wakafuta kauli: nyutroni walizoziona hazikutokana na joto walilodhani.

Mwaka 1969 mambo yakawa kinyume. Waingereza walipeleka leza Moscow kupima madai ya Wasovieti, na joto likakutwa ni la kweli. Wengi wakaanza kujenga mitambo ya aina hiyo.

Kwa hiyo ukisikia "tumefanikiwa", usikimbilie kuuliza wametumia dola ngapi. Uliza: nani amepima, na kwa kifaa gani?